Dadu Chini ya Jiko

Jumatano, saa mbili usiku, mjini Tartu.
Theluji imeziba dirisha la jikoni kwa Ülo,
na mimi, niliyeshinda posta nikipima vifurushi,
nimevua koti, nimevua na jina.
Hapa naitwa Baroni Hedvika wa Tornhald,
mwenye vinu saba, wapanda farasi mia na ishirini
na kinyongo kimoja kisichoingia kwenye mizani.

Mfalme ameketi mbele yangu, anamenya chungwa.
Ndiye Ülo, mwenye nyumba, mwenye meza,
aliyetufunza mchezo huu miaka kumi na mmoja iliyopita
kwa madadu aliyoyachonga mwenyewe, ya mfupa wa kulungu.
Alitoza kodi ya chumvi. Nikanyamaza.
Akatoza kodi ya madaraja. Nikainama.
Wakati wa mavuno akatwaa kinu changu cha saba
akampa mpwa wake, kijana asiyejua unga na chokaa.
Nikasema, "Bwana wangu amefanya vyema,"
ulimi ukanilalia kinywani kama ufunguo wa baridi.

Uasi hauanzi kwa upanga.
Unaanza ngazini, orofa ya tatu,
Kaidi akijifanya anavuta sigara,
mimi nikijifanya namsindikiza.
Kaidi ni Lodi Brannoc, mlinzi wa kivuko.
"Una wangapi?"
"Mia mbili, nikipata shayiri."
"Utapata shayiri. Na Tõnis je?"
Tõnis ni askofu. Anapenda kuahidi
kama wengine wanavyopenda kukopa.
Taa ya ngazi ikajizimia, ndiyo tabia yake,
tukabaki gizani, watu wazima wawili, mmoja daktari wa meno,
tukinong'onezana habari za shayiri ambayo haijapata kuota.

Barua niliiandika kazini, nyuma ya fomu ya forodha:

    Kwako Lodi wa kivuko,
    nakuarifu mwenzako,
    usiwashe moto wako
    hadi kengele ilie.

    Ikilia mara tatu
    fungulia watu wetu,
    daraja liwe la kwetu,
    mlinzi asisikie.

    Chumvi tumelipa sana,
    kodi usiku mchana,
    kinu kapewa kijana,
    cha kwetu akitumie.

Chini yake niliandika: ichome.
Kaidi hakuichoma. Kaidi hachomi kitu.
Ana risiti za viatu alivyokwisha kuvitupa.

Na leo Ülo, bila kuinua macho,
ganda la chungwa likishuka utepe mmoja mrefu,
ameniuliza: "Hedvika, ile kengele ya mtoni,
bado ina ufa?"

Moyo wangu, naapa, ulidunda kweli.
Si wa Hedvika. Huu wa posta,
ambao mwaka mzima haujathubutu
kumwambia msimamizi kwamba zamu zangu zimezidi.
"Ilizibwa, bwana wangu," nikajibu.
"Vizuri," akasema. "Napenda kuisikia."

Liina, msimuliaji wetu, akafunga daftari lake.
Akagonga kijiko kwenye glasi: moja. Mbili.
Akatuacha tuisubiri ya tatu.
"Tupa," akaniambia. "Kumi na nane au zaidi."

Nikatupa. Dadu likagonga bakuli la sukari,
likaruka, likapiga sakafu, likaviringika
chini ya jiko, huko kwenye vumbi na njugu za Krismasi.
Mimi nikaganda. Aliyepiga magoti ni mfalme,
miaka sabini na miwili, goti moja baada ya jingine,
tochi ya simu mkononi, shavu juu ya vigae.
Akatazama kwa muda mrefu
kuliko muda unaohitajika kusoma namba.

"Kumi na tisa," akasema,
akalifumba kiganjani kabla sijainama.

Kaidi akapiga ukelele. Tõnis, ambaye alikuwa hajaamua, akaamua.
Ngome ikaanguka kabla ya chai kupoa.
Mimi nilikuwa namtazama Ülo
akijifuta vumbi magotini,
akilitia lile dadu mfuko wa shati, upande wa kushoto.
Nilikuja kunyang'anya. Sasa sijui
kama nimenyang'anya au nimepewa.

Akanisogezea kipande cha mwisho cha chungwa.
"Kula, mtukufu," akasema. "Hicho hakina kodi."